Saini ya Saa Nane

Nilipokwenda kukagua nyumba ya kwanza ya kutunzia wazee, nilikagua vigae. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Vilikuwa vinang'aa. Nikapiga picha ukumbi, nikapiga picha bustani, nikapiga picha kitanda kinachoinuka kwa kubonyeza kitufe, nikazituma kwenye kundi la familia. Dada yangu mkubwa akajibu, "Hapo pazuri." Basi, tukampeleka mama.

Nina la kujitetea kidogo. Tulikuwa tumemuuguza nyumbani miezi 14 baada ya kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala, mkono na mguu, na maneno yalimtoka moja moja kama mtu anayetafuta chenji mfukoni. Kumwinua, kumwogesha, kumbadilisha usiku. Mgongo wangu ukaanza kugoma, na dada akawa analia jikoni akidhani hatumsikii. Kisha mama akalazwa kwa nimonia, na daktari aliposema ataruhusiwa keshokutwa, tukajikuta tuna siku mbili za kuamua jambo ambalo wengine hulitafakari kwa miezi. Kwa haraka ile tulichukua kilichong'aa.

Meneja wa pale alinitembeza mwenyewe. Mtu mstaarabu, sauti ya upole, funguo kiunoni. Akanionyesha ratiba ya wiki iliyobandikwa ukutani: mazoezi ya viungo, kuimba, kusomewa magazeti. Mimi nikauliza maswali ya mpangaji: dirisha linatazama wapi, maji ya moto yapo, wageni wanaruhusiwa saa ngapi. Sikuuliza usiku wanabaki wahudumu wangapi. Sikuuliza nani atamgeuza mama kitandani, wala kila baada ya muda gani. Sikuzungumza na mhudumu hata mmoja. Walipita na mikokoteni yao ya mashuka, nikawasalimu, yakaisha. Ile ratiba ya ukutani nayo, nilikuja kugundua baadaye, ilikuwa ya miezi miwili nyuma.

Wiki tatu za mwanzo sikuona tatizo. Nilikuwa nakwenda Jumamosi saa nne asubuhi, kila Jumamosi, saa ileile. Walishanijua. Ninamkuta mama kavalishwa, kachanwa nywele, kaketishwa dirishani. Wiki ina saa 168, na mimi nilikuwa naonyeshwa moja.

Kilichonishtua kwanza ni kikombe. Nilipita siku moja katikati ya wiki, nikamkuta mama midomo imekauka mpaka imepasuka, ulimi mweupe. Kikombe cha maji kilikuwapo, kimejaa, na mfuniko wake juu. Kiko mezani, upande wa kulia. Mkono wa kulia wa mama haujanyanyuka tangu siku ya kiharusi. Na kengele, ule waya wenye kitufe cha kumwitia mhudumu, ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha kitanda, kulia vilevile. Nilisimama nikakitazama kile kikombe muda mrefu. Mtu kaleta maji, kazi yake kaimaliza, na mahali fulani imeandikwa kwamba maji yameletwa. Mama kashinda nayo kando yake, ana kiu.

Nikahamishia kikombe na kengele kushoto. Nilipokuja tena, kulia. Nikahamisha. Nikaandika karatasi kwa herufi kubwa, MKONO UNAOFANYA KAZI NI WA KUSHOTO, nikaibandika juu ya kitanda. Ilikaa siku nne, wakapaka rangi ukuta.

Wiki iliyofuata mama akaanza kumwita dada yake, ambaye alikwishafariki miaka mingi. Akawa anavutavuta shuka, anaogopa pazia, halafu mchana analala usingizi ambao hata ukimwita haitiki. Muuguzi wa zamu akaniambia, kwa huruma kabisa, "Ni uzee huo, kaka. Na kiharusi nacho kinachangia." Nikakubali. Siku nne nzima nilikubali, na hizo siku nne ndizo zinazonirudia usiku. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau kwa kawaida hupotea polepole, kwa miezi na miaka. Huyu ambaye juzi alikuwa anakujua na leo hakujui, anaumwa, na inabidi mtu autafute huo ugonjwa kabla ya kusingizia umri. Yaweza kuwa maambukizi, au mwili kupungukiwa maji, au dawa mpya, au choo kilichofunga siku nyingi, au maumivu asiyoweza kuyataja. Homa yenyewe wakati mwingine haipandi kwa wazee, kwa hiyo kipimajoto kinakwambia yuko salama naye hayuko. Kwa mama yalikuwa mawili kwa mpigo: maambukizi ya njia ya mkojo na upungufu wa maji. Kikombe kilekile.

Na lilikuwapo la tatu. Daktari wa hospitali aliomba orodha ya dawa zote anazotumia. Nikaifuata, nikakuta imeongezeka moja, ya kumtuliza, imeanzishwa siku ileile alipoanza kuhangaika. Hakuna aliyetuuliza. Ni dawa za kundi linalotumika kwa magonjwa ya akili, na kwa wazee zina historia yake: mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza zile za kizazi kipya ziwekewe onyo zito, kwa kuwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau waliopewa walikuwa wanakufa zaidi kuliko wasiopewa, na mwaka 2008 onyo hilo likafikishwa kwa zile za zamani pia. Daktari aweza kuwa na sababu ya kuziandika, sibishi. Lakini siku hizi nikimkuta mzee katulia ghafla kuliko kawaida yake, nauliza katulizwa na nini.

Alirudi kutoka hospitalini akiwa dhaifu, hawezi kujigeuza hata kidogo. Miguuni pa kitanda wakaning'iniza karatasi ya kumgeuza: kila baada ya saa mbili, aelekezwe upande gani, nani kamgeuza, saini. Nikafarijika. Jambo limeandikwa, linafanyika, ndivyo nilivyofikiri.

Jumanne moja nikaingia saa tano na nusu asubuhi bila kutoa taarifa. Mama alikuwa chali. Nikaichukua karatasi. Saa mbili, kushoto, saini. Saa nne, chali, saini. Saa sita, kulia, saini. Saa nane, kushoto, saini. Nikatazama saa yangu ya mkononi. Nikatazama na ya ukutani, nisije nikamsingizia mtu. Saa tano na nusu. Wino mmoja, mwandiko mmoja, saini zimeteremka mfululizo kama ngazi, na za mwisho zenyewe zinasubiri mchana ufike.

Kule hospitalini muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alikuwa amenifundisha jambo kwa dakika tano. Tunaambiwa kidonda cha kulalia huanza na wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. "Kwa ngozi kama zetu," akasema, "ukingoja wekundu utakuja kuona shimo." Akaniambia nitumie mgongo wa vidole. Nipapase kama pana joto au ubaridi kuliko pembeni yake, kama pamekuwa pagumu au pamelegea, kama pamegeuka rangi kuelekea weusi au zambarau, kama mgonjwa anashtuka nikipagusa. Na nitazame panapobeba uzito: visigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo, viwiko, nyuma ya kichwa.

Nikamvua mama soksi. Kisigino cha kulia kilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu, jeusi kuliko ngozi yake, linang'aa. Nikaweka mgongo wa kidole. Joto. Mama akauma meno. Mguu ule tulizoea kusema umekufa, tunasema mbele yake kabisa, na hatukuwahi kujiuliza kama mguu usiotembea unaweza kuuma.

Nikatoka na ile karatasi mkononi, hasira imenipanda. Kwenye ujia nikakutana na mhudumu, dada wa makamo, kabeba beseni.

"Dada, hii saini ni yako?"

Akaitazama. Hakukana. "Ni yangu, kaka."

"Saa nane imeshafika?"

Akaweka beseni chini. "Kaka, leo niko na watu kumi na tisa. Mwenzangu hajaja. Nikisema nirudi kwenye karatasi kila nikigeuza mtu, huyo wa mwisho nitamfikia jioni. Naijaza yote asubuhi, halafu nakimbia ninakoweza. Isipojazwa ninakatwa." Akanyamaza kidogo. "Jana mama yako nilimlisha mimi, na muda wangu wa kutoka ulikuwa umeshapita."

Nilikuja na hasira ya kumpa mtu, nikakosa wa kumpa. Saini ilikuwa ya uongo, na kisigino cha mama kililipa. Lakini dada yule alikuwa anaulizwa karatasi kila siku, na sidhani kama kuna siku aliwahi kuulizwa kisigino. Nikaandika barua kwa uongozi, yenye tarehe na saa, nikaomba waniambie kwa maandishi kila zamu ina wahudumu wangapi kwa wazee wangapi. Meneja akanijibu kwa ile sauti yake ya upole kwamba watalifanyia kazi. Wiki iliyofuata karatasi ya kumgeuza ilikuwa imehamishiwa ofisini, "ili ndugu wasiitafsiri vibaya."

Nikaomba na kumbukumbu za uzito wake. Kilo 62 siku alipoingia. Mwezi mmoja baadaye, 58. Mzee akipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi, au 10 ndani ya nusu mwaka, wauguzi wanahesabu hiyo ni dalili ya kufuatiliwa, na yeye alikuwa ameshapita 6. Kwenye fomu ilikuwa imeandikwa tu, 62, 58, moja chini ya nyingine, hakuna aliyezitazama kwa pamoja. Sahani ilikuwa inakuja na inaondoka. Kufungua mfuniko kwa mkono mmoja, na wenyewe ni wa kushoto ambao hakuuzoea, hawezi.

Tukamtoa.

Awamu ya pili haraka ilikuwapo pia, ila nilijikataza. Dada alichukua likizo akakaa na mama, mimi nikazunguka nyumba sita. Kila moja nilikwenda mara mbili, ya kwanza kwa miadi, ya pili Jumapili saa moja jioni, meneja ameshakwenda kwake na zamu zinakabidhiana. Mbili zilinizuia mlangoni bila maelezo ya maana. Nikazifuta.

Jioni hizo nilikuwa naomba kukaa ukumbini tu. Unajifanya unasoma simu. Kengele inalia mahali, unatazama saa. Katika nyumba moja ililia dakika 22, na kilichonisumbua zaidi ya dakika zenyewe ni wahudumu wawili waliokuwa wanapita chini ya taa inayowaka juu ya mlango bila hata kuinua macho. Mlio walishauzoea, kama mtu anayeishi karibu na reli. Kwingine mhudumu alichungulia ndani ya dakika mbili, akasema, "Babu, nimekusikia, namalizia hapa nakuja," akaondoka. Akarudi. Wengi wanajua kusema nakuja. Mimi nilikuwa nakaa pale kusubiri huko kurudi.

Kuhusu harufu nina maoni yangu. Watu husema ukinusa mkojo, geuza. Mimi sikimbilii huko. Asubuhi, watu thelathini wanapobadilishwa, harufu itakuwapo chumba hiki na kile, kisha itaondoka. Ya kuogopa ni ile iliyokaa kwenye kiti cha kitambaa na kwenye pazia. Na marashi makali ya kupuliza nayaogopa kuliko mkojo, maana mkojo angalau haufichi kitu.

Nilitazama kucha. Nilitazama ndevu za wazee wa kiume, miwani kama imefutwa, miguu kama ina viatu vinavyoshika au soksi tupu zinazoteleza. Nilitazama mhudumu anapozungumza na aliyeketi, anainama macho yakutane au anampigia kelele kutoka juu. Katika nyumba mojawapo palikuwa na mzee ameketi peke yake pembeni, nikaambiwa, "Huyo akili zimeshaondoka." Kifaa cha kusikia kilikuwa sikioni. Nikauliza, basi tu kwa udadisi, betri imebadilishwa lini. Mhudumu, ambaye nadhani alitaka niache kumsumbua, akaenda kuleta mpya. Ilipowekwa, mzee akageuka akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Tulizungumza nusu saa. Akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu siku ile.

Nilijaribu kusoma na ripoti za wakaguzi pale zilipopatikana. Zinasaidia, lakini si kwa namna nilivyodhani. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2008 nyumba hizi hupewa nyota, 1 hadi 5, na sehemu ya alama hizo hutokana na taarifa ambazo nyumba zenyewe ndizo zinazozijaza. Niliposoma hilo nilikumbuka saini ya saa nane, nikacheka peke yangu. Kwa hiyo nikawa naruka alama ya juu, naingia kwenye maelezo ya kasoro. Kasoro moja ya jokofu lisilo na kipimajoto hainitishi. Kasoro ileile ya upungufu wa wahudumu, imeandikwa ukaguzi huu, na uliopita, na ule wa kabla yake, hiyo inanitisha.

Kwa mameneja swali langu kubwa lilikuwa hili: mara ya mwisho mtu kuanguka hapa ilikuwa lini, na mkafanya nini? Mmoja akatabasamu. "Hapa kwetu hawaanguki." Nikaaga. Wazee huanguka. Nyumba yenye wazee wengi ambamo haanguki mtu, ama hawaandiki, ama wamewafunga vitini na kuwapandishia vyuma vya kitanda. Vyuma hivyo ukivitazama unaona usalama. Kumbe mzee akibanwa na haja usiku anajaribu kuvivuka, anaanguka kutoka juu zaidi, au mwili unanasa kati ya chuma na godoro. Marekani kufunga wazee kulikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba sheria ya mwaka 1987 ilibidi itamke kuwa mkaaji ana haki ya kutofungwa kwa adhabu wala kwa kuwarahisishia wahudumu kazi.

Meneja wa nyumba ya tano hakutabasamu. Alivuta daftari kutoka mtotoni mwa meza, akafungua. "Alhamisi iliyopita, saa tisa usiku, bibi mmoja akienda msalani. Hakuvunjika. Tulikuta swichi ya taa iko mbali na mlango, tumeweka taa inayojiwasha mtu akipita. Na sasa tunampeleka sisi saa nane, kabla hajaamka mwenyewe." Akanigeuzia daftari nione, kiganja akiwa amekiweka juu ya jina.

Nikamwomba ruhusa nizungumze na wahudumu bila yeye kuwapo. Akasema, "Waulize utakalo," akaenda zake. Nikawauliza wamekaa hapo muda gani. Miaka minane. Sita. "Mimi mgeni, huu mwaka wa pili." Kule kwa kwanza, nikifikiria nyuma, kila mwezi nilikuwa najifunza sura mpya, na kila sura mpya ilikuwa inafundishwa upya mkono wa mama ni upi. Nikauliza na ya usiku: wahudumu wawili na muuguzi mmoja, wazee 24. Haikuwa hesabu ya peponi. Lakini waliitaja bila kutazamana.

Rangi ya kuta pale ilikuwa imebanduka. Vigae, sikumbuki hata kama vilikuwapo.

Siku ya kumpokea walituweka chini saa nzima. Analala upande gani? Anapenda kuamka mapema? Chakula anameza vizuri, au anapaliwa? Hili la kupaliwa sikuwahi kuulizwa kule, na daktari alikwishatuambia kwamba nimonia yake huenda ilianza hapo, chakula au maji kupita njia ya hewa. Hawa wakamwita mtaalamu amtazame anavyomeza, wakaanza kumlisha ameketi wima kabisa, vijiko vidogo, na baada ya kula hawamlazi kwa nusu saa. Mwisho wakauliza, tumwite nani? Kule alikuwa "yule wa kitanda cha dirishani." Mimi nikafungua mdomo nijibu, muuguzi akaninyamazisha kwa mkono, akamtazama mama. Tukangoja. Nadhani ilipita dakika nzima.

"Mwalimu," mama akasema.

Alifundisha shule ya msingi miaka 31. Wakaandika Mwalimu kwenye karatasi ya mlangoni, na mpaka leo hata mfagiaji anamwita hivyo.

Kisigino kilichukua zaidi ya miezi miwili kupona. Walimwekea mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kibaki hewani, kisiguse chochote. Mto, basi, hakuna mashine. Karatasi ya kumgeuza ipo pale pia, na nimeikagua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ina mapengo. Siku moja pameandikwa "saa kumi: amekataa, anatazama mpira, nitarudi," na chini yake, "saa kumi na nusu: amegeuzwa." Nikaiamini kuanzia siku hiyo.

Nisije nikaonekana nimepata pepo. Mwezi wa tatu meno yake ya bandia yalipotea. Alikuwa ameyafunga kwenye karatasi ya kufutia mikono, yakaenda na takataka. Simu ilinifikia saa mbili asubuhi, mimi hata sijaamka vizuri: "Kaka, tumepoteza meno ya Mwalimu. Tumepekua mapipa, hatujayaona. Kosa ni letu, tunaanza utaratibu wa kuyatengeneza upya, na mpaka hapo chakula chake tutakilainisha." Nilikasirika, ndiyo. Halafu nikakaa kitandani nikafikiri, kule kwa kwanza ningeyagundua mwenyewe Jumamosi, saa nne, na ningeambiwa pengine alikuja hana meno.

Na mimi nimebadilika, lazima niseme. Nilikuwa ndugu wa kuja na malalamiko au wa kuja na keki, hapana katikati. Sasa nikiwa na jambo naanza na muuguzi wa zamu, siku hiyohiyo, uso kwa uso; lisipokwisha ndipo naandika, kwa tarehe. Wahudumu nawajua kwa majina. Dada yangu anasema nawapendelea wa zamu ya usiku. Ni kweli. Wageni wengi huja mchana, hivyo wao hakuna anayewasalimu.

Jumapili iliyopita niliingia inakaribia saa mbili usiku. Mama alikuwa ameketishwa kitandani, mgongo wa kitanda umeinuliwa, redio inazungumza chini chini. Kabla hata sijamsalimu mkono wangu ukaenda kwenye kikombe, kwa mazoea tu. Kilikuwa kushoto. Kengele ilikuwa imebanwa kwenye shuka kwa kibanio, kushoto, karibu na kiganja. Nikageuka kwenye kitanda cha pili, cha bibi ambaye tangu tuhamie hapa sijawahi kuona mgeni wake hata mmoja. Yeye hutumia mkono wa kulia. Kikombe chake kilikuwa kulia, kimeshanywewa nusu.

"Kaa," mama akasema, kama anavyomwambia mtoto aliyesimama darasani bila sababu.

Nikavuta kiti.